Vishindo Vinne vya Manju

Kwetu Mhunze mtu akikupita njiani bila salamu, ujue ana neno na wewe, na kabla jua halijazama majirani watakuwa wameshakaa kuwasuluhisha. Ila alikuwepo mtu mmoja ambaye tangu wadogo tulikatazwa kumsalimia akiwa juu ya baiskeli. Watu wote walimwita Manju, maana ndiyo kazi aliyoifanya: kutunga nyimbo na kuongoza ngoma. Hakujua kuandika. Alitunga akiwa anaendesha baiskeli, na ukimpigia shikamoo katikati ya ubeti, ubeti unapotea.

Nilimsalimia mara moja, nina miaka kama kumi na mitatu, nimebeba ndoo ya maji kichwani. Akafunga breki, akashuka, akaniangalia kwa huzuni, wala hakufoka. Akasema, "Marahaba. Haya, sasa nisaidie kuutafuta." Tukasimama pembeni ya shamba la pamba, yeye akirudia mstari wa mwisho anaoukumbuka, mimi nikikisia unaofuata, mpaka maji ya ndoo yakapata joto. Hatukuupata. Tangu siku ile nikimwona kwa mbali na baiskeli yake najificha kwenye pamba mpaka apite.

Naandika habari zake kwa sababu albamu yake mpya imetoka. Hapa Kahama kila kijiwe cha bodaboda kinaipiga, na wanaojua kwamba niliwahi kuwa kwenye kundi lake wananiambia mzee wenu bado yumo. Nawaitikia kwamba yumo. Ni albamu ya kwanza aliyoimba peke yake, na kwa nini aliimba peke yake mimi ni mmoja wa wanaopaswa kuulizwa.

Alikuwa mrefu na mkavu, amevaa koti zito la sufu kwenye jua lile la kwetu Kishapu ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Mfuko wa kushoto wa koti ulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, na alivitafuna akifikiri. Miguuni katambuga alizokata mwenyewe kwenye tairi. Alikuwa anaringa. Alijua kwamba anaringa na alilisema hilo waziwazi, kwamba manju mnyenyekevu ni mtu aliyekosea njia akielekea kanisani. Na kanisani alikuwa akienda, Jumapili hazimpiti, anakaa benchi la nyuma na haimbi. Walimwomba ajiunge na kwaya akakataa. Alisema pale nyimbo zina majibu tayari.

Nusu ya nyimbo zake zilisifu jembe na kuwasema wavivu kwa majina yao, na shamba lake lilikuwa aibu ya kijiji. Magugu yalifika kiunoni. Mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akilima peke yake huku anasikia mumewe akisifiwa vijiji vitatu mbele kwa wimbo wa kilimo. Tulipomtania, alijibu kwamba akishika jembe yeye, nani atawaambia wengine walime. Mkewe alicheka na sisi, lakini nakumbuka mikono yake ilivyokuwa, na sikuona cha kuchekesha.

Nasema haya ili mjue simwandiki malaika.

Baada ya mavuno ndipo ungemwona akiwa mzima. Huku kwetu vikundi viwili vya ngoma vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake, na watu wako huru kwenda wanakotaka. Jua likitua, aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Hakuna jaji. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwa sababu watu waliwapa mgongo. Mwaka mmoja mpinzani wetu alikuja na wachezaji wenye nyoka, na watu wote wakahamia kwake, wakatuacha na vumbi na bibi mmoja aliyekuwa amelala. Manju akaweka zeze lake chini, akavuka uwanja, akapenya umati mpaka mstari wa mbele, akasimama mikono nyuma akimkodolea macho yule mpinzani. Wa karibu naye wakaanza kumwangalia yeye, halafu wa nyuma wakauliza kuna nini, na muda si muda umati mzima ulikuwa unamtazama mtu anayetazama. Hapo akageuka na kurudi kwetu taratibu, na watu wakamfuata. Yule mwenye nyoka hakutusalimia miaka miwili.

Watu walipenda kutajwa kwenye nyimbo zake, na wengine walimletea zawadi ili awataje. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alimletea dume la ng'ombe. Manju akalipokea, tukalila, na jina la bwana yule akalitia mahali ambapo ngoma zote tatu zinapigwa kwa nguvu, hata aliyesimama hatua mbili hasikii neno. Bwana yule alipolalamika, akaambiwa kwamba ametajwa, na kama hakusikia akatafute masikio mengine. Tulicheka siku nyingi. Sikujua kwamba habari ya masikio ingekuja kunisumbua baadaye.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mimi siimbi. Nauliza." Aliyeimba, kwa maoni yake, ni anayeitikia. Ndiyo maana wimbo wake uliojulikana kuliko zote, wimbo wa ng'ombe, ulikuwa maswali matupu. Mtu amepotelewa na ng'ombe wake na anawauliza watu watano wa kundi letu aliowaweka sehemu tano. Anamwuliza Masanja aliye lamboni kama amewaona. Anamwuliza Luhende, mdogo wake Masanja, aliye mtoni. Anamwuliza Shija aliye kwenye ardhi ya chumvi, na Nkwimba aliye njia panda. Wa mwisho nilikuwa mimi, niliyesimama mlangoni mwa zizi. "Mayu, wamerudi?" ananiuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, na mimi naitikia peke yangu, ngoma zimetulia, "Bado, wako njiani." Hapo ngoma zinapasuka na uwanja mzima unaruka.

Aliniweka mimi mlangoni kwa sababu, alisema, nina sauti ya mtu anayesema uongo ili kumtuliza mwenzake. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilidhani ananisifia.

Pamba ilipokosa bei na mvua ikakata miaka miwili mfululizo, watu wa Mhunze walianza kuhamia kwenye dhahabu. Manju alikuwa ameimba nyimbo nne za kuilaani dhahabu, na ndiye aliyetangulia kuhama. Alikwenda Segese na kundi lake likamfuata. Wanaume waliingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Yeye alipata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na alisimama pembeni yake miaka sita. Karasha halina ustaarabu. Linameza mawe na kelele zake zinakuingia mpaka kwenye meno. Jumamosi tulicheza ngoma, siku nyingine kila mtu na shimo lake. Mimi nilikuwa nauza maandazi kwa wachimbaji, na nilianza kugundua kwamba Manju anasema marahaba kabla sijamaliza shikamoo. Alikuwa anasoma midomo. Ukimsemesha akiwa ameinama, husikilizwi. Hakumwambia mtu, na sisi kwa heshima tulijifanya hatujui. Aliendelea kuimba kwa kuweka kiganja juu ya ngoma, na sauti yake mwenyewe, alikuja kuniambia, aliisikia kifuani.

Duara likawaangukia Masanja na Luhende siku moja, wote wawili. Walitolewa siku ya tatu.

Tulipocheza tena baada ya msiba, tulikuwa tumekubaliana kwamba wimbo wa ng'ombe hautaimbwa. Manju akauanzisha hivyo hivyo. Akauliza, "Masanja, umewaona?" akanyoosha mkono juu, na ngoma zikanyamaza. Akapiga mguu chini mara nne, polepole. Vishindo vinne, muda uleule hasa ambao Masanja alikuwa akiuchukua kuitikia. Kisha akaendelea na ubeti unaofuata. Watu walidhani amesahau, wako waliocheka. Alipofika kwa Luhende akafanya tena, mkono juu, vishindo vinne, na safari hii hakuna aliyecheka. Mama yao alikuwa uwanjani. Alikaa chini pale alipokuwa amesimama.

Basi ikawa ndiyo desturi yake. Vijana wenye sauti nzuri walikuja kuomba nafasi zile, akawakatalia wote. Swali ni la Masanja, alisema, halina mwingine. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikiwa nimemkabili ili anione, kwamba kwa njia hii analiua kundi. Akanijibu kwamba kundi lilishakufa na yeye anachofanya ni kulitunzia viti. Nilikasirika. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi, ila najua kundi halikudumu.

Shija aliondoka na kifua, vumbi la mawe lilimkausha mpaka akawa anakohoa kuliko anavyoongea, na alipokufa vishindo vikaongezeka. Nkwimba aliokoka, akagawa njuga zake, na akawa anapita upande wa pili wa barabara akituona. Mimi niliolewa nikahamia Kahama. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba mume wangu alinikataza ngoma. Hakunikataza. Nilichoka kusimama mwisho wa wimbo wenye mashimo matatu, nikisubiri zamu yangu ya kusema kwamba wako njiani.

Sasa nasimamia mashine ya kukoboa mpunga, na watu wananiita Mama Kulwa. Mwaka jana, mavuno yamechanganya, jirani yake Manju alinipigia simu kwa niaba yake. Mzee, alisema, anakuja Kahama kurekodi albamu, anawaomba wewe na Nkwimba mje kuitikia. Studio aliyoitaja iko nyuma ya duka la pampu, na kutoka kwenye mashine yangu ni mwendo wa kuvuka soko tu. Nikamjibu kwamba ni msimu wa mpunga, sina hata nafasi ya kula. Jirani akasema atamfikishia. Manju alirekodi siku mbili. Sikwenda hata kumsalimia. Nkwimba naye hakwenda, lakini yeye alikuwa na sababu ya wokovu, mimi nilikuwa na magunia.

Albamu ilipotoka niliisikia kwenye spika ya bodaboda aliyekuja kuchukua pumba. Wimbo wa ng'ombe. Nikasimama na kijiti cha kupimia mkononi. "Masanja, umewaona?" akauliza, na kabla sijavuta pumzi, ameshaingia ubeti unaofuata. Hakuna kunyamaza. Luhende hivyo hivyo, Shija, Nkwimba. Alipofika kwangu aliuliza kama wamerudi na akapita moja kwa moja, na kinanda cha kompyuta kikichezacheza chini yake. Niliumia, tena niliumia kwa kiburi. Nilisema moyoni, ametufuta. Ametuchoka na yeye.

Nilikwenda studio kesho yake. Fundi wake ni mtu wa makamo, mpole, ana picha za wanawe ukutani. Nilimwuliza kuhusu wimbo wa ng'ombe, na uso wake ukaingia furaha ya mtu aliyetenda wema akauficha na sasa umegunduliwa. Akashusha sauti.

"Dada, mzee alikuwa anasahau," alisema. "Anauliza swali, halafu anakwama, anapiga mguu chini anatafuta maneno. Mara tano kwenye wimbo mmoja. Na mimi baba yangu anasahau vilevile. Nikamfichia aibu. Nimekata pale na kuunganisha, ukisikiliza huwezi kujua kabisa."

Kwa kweli huwezi kujua. Alikuwa amefanya kazi safi. Nilimwomba anipe ile ya kwanza, aliyoiimba mzee kabla ya kuunganishwa. Akasema alishaifuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Sikumweleza. Angelia, na kilio chake kisingerudisha kitu.

Ndipo nilipohesabu vizuri. Mara tano, alisema fundi. Watatu wamekufa. Mara mbili za mwisho zilikuwa za Nkwimba na mimi. Alituwekea kunyamaza kulekule alikowawekea waliozikwa, mimi nikiwa hai, upande wa pili wa soko, napima mpunga.

Nilikwenda Segese wiki ile ile. Nilimkuta mchana, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, anakata viazi vya michembe. Koti lilelile, limebaki kubwa na yeye amepungua. Bintiye alikuwa amekwenda mnadani. Nilipiga magoti mbele yake ili anione, nikasema shikamoo, na marahaba yake ikaja mapema kama zamani. Akaniuliza habari za mume, za pacha wangu Kulwa na Doto, za mpunga, na kila jibu alilisubiri akiwa ameukazia macho mdomo wangu. Hakuniuliza kwa nini sikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima na nilijiona mjinga.

Kisha akaingia ndani akatoka na spika ndogo, ile ya kuchaji, na kadi ya nyimbo zake imeshachomekwa. Akaiweka kwenye kigoda kati yetu. Aliiwasha, akatafuta wimbo kwa kubonyeza na kunionyesha nimwambie ni upi, mpaka tukafika kwenye wimbo wa ng'ombe. Akalaza kiganja chake juu ya spika.

"Mkono wangu umezeeka," alisema. "Unaniambia spika hainyamazi. Wewe una masikio, niambie. Hapa kwa Masanja, inanyamaza?"

Spika ilikuwa imeshampita Masanja. Nilimtazama usoni. Angeweza kumwuliza bintiye, angeweza kumwuliza jirani. Miezi yote hiyo hakuwauliza, alikuwa ananisubiri mimi, ambaye ninajua mahali pa kila mtu.

"Inanyamaza, Manju," nikasema.

"Kwa Luhende?"

"Inanyamaza."

Akaniuliza Shija, nikasema ndiyo. Akaniuliza Nkwimba, nikasema ndiyo. Kila mara alitikisa kichwa, na kiganja hakikuondoka juu ya spika. Wimbo wenyewe ulikuwa unakimbia chini ya mkono wake, na kinanda, na sauti yake nzuri isiyopumzika popote.

"Na kwako?"

"Na kwangu."

"Basi itikia," akasema. "Urudishe wimbo mwanzo, ukifika mlangoni uitikie, nione."

Nikaurudisha. Tulikaa tukiusubiri wimbo, yeye akinitazama mdomo, mimi nikitazama mkono wake. Swali langu lilipofika nikafungua kinywa na kuimba kwamba bado, wako njiani, na niliimba juu ya sauti yake, kwa sababu ndani ya spika alikuwa ameshafika mbali akiimba ubeti mwingine. Midomo yangu ilikuwa inaitikia na kiganja chake kilikuwa kinatetemeka kwa wimbo. Alivitazama vyote viwili. Nikamwona anaelewa. Hakukunja uso. Aliinua mkono kutoka kwenye spika, akaufuta kwenye koti, akaizima.

Nilitaka kumweleza kuhusu fundi, kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba alifanya kwa heshima. Lakini alikuwa hanitazami mdomo tena, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kumwambia kitu.

Akaanza kuimba mwenyewe, pale pale, kwa sauti ya chini, bila ngoma. Akamwuliza Masanja, akapiga mguu chini mara nne. Akamwuliza Luhende, mara nne. Shija. Nkwimba. Vumbi lilikuwa linapanda kidogo kwenye katambuga zake. Kisha akainua macho akaniangalia mdomo, akaniuliza kama wamerudi.

Maneno nilikuwa nayo. Ni mawili matatu tu, nimeyaimba miaka minane. Nikafungua kinywa na hakikutoka kitu, naye akaendelea kunitazama.

Akapiga mguu chini mara nne, polepole, kama alivyowapigia wengine, akaendelea na ubeti unaofuata.